Nani Atakishonea Kipupwe?

Mwezi wa sita mwaka jana nilikaa kwenye ukumbi mmoja hapa Arusha, nimevaa sweta mbili na mikono nimeificha kwapani, nikiangalia wasichana kumi na wawili wakipita jukwaani mabega wazi. Nje wingu lilikuwa limeufunika Meru tangu asubuhi, na yale manyunyu yetu ya mwezi wa sita, ambayo si mvua na si ukungu, yalikuwa yanalowesha mabati. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengi, kwa sababu maneno yaliyochapwa kwenye kipeperushi kilichogawiwa mlangoni nilikuwa nimeyaandika mimi. Yalisema hivi: "Majira ya kuchipua yamefika."

Yamefika wapi, jamani? Swali hilo nimelala nalo mwaka mzima, na ndilo linalonifanya niandike uhakiki huu.

Najua wapo wasomaji wa gazeti hili watakaouliza, nguo na fasihi wapi na wapi? Hebu tuanze na khanga. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yanayokaa chini ya mji. Hakuna mama wa nchi hii anayenunua doti bila kulisoma jina lake kwanza, na anayempelekea wifi yake khanga asiyoisoma amejitafutia kesi. Watu tuliozoea kusoma nguo namna hiyo hatuwezi kusema nguo haihakikiwi. Na mkusanyo wa mavazi ya msimu, ambao vijana wa mjini wanauita kolekisheni, naona unafanana na kitabu cha hadithi fupi. Kila gauni lisimame kwa miguu yake, lakini yote kwa pamoja yaseme jambo moja. Basi nauliza kama ninavyokiuliza kitabu: nani anasema, anamwambia nani, na anasema lini. Katika mavazi ya msimu hilo "lini" ndilo linalobeba mzigo wote.

Mbunifu mwenyewe ni rafiki yangu. Tulisoma darasa moja, na ameniruhusu niandike kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje. Sawa, silitaji. Ila nitasema kwanza lile ambalo ni haki yake: mkono anao. Gauni la tatu lilikuwa limekatwa kwa mshazari, kitambaa kikaanguka mwilini bila kuvutwa na zipu wala mkanda, na mwenye kujua cherehani anajua kazi hiyo inavyotesa, maana kitambaa cha mshazari hukimbia chini ya sindano kama mtoto anayekataa kuogeshwa. Mishono ya ndani ilikuwa safi kama ya nje. Nimeona maduka makubwa yanayouza nguo zisizoweza kugeuzwa ndani nje namna ile. Kwa hiyo hapa sizungumzii mtu asiyeweza. Asiyeweza hana haja ya uhakiki.

Nilikuwepo tangu mwanzo. Chumbani kwake Kijenge alikuwa amebandika ukutani picha alizokata kwenye magazeti ya mitindo ya Paris na London: maua ya waridi, rangi ya ndimu changa, shifoni nyepesi inayopepea, wasichana wamekaa kwenye nyasi, jua limewaka. Kutoka kwenye picha hizo alichora michoro thelathini, akachuja ikabaki kumi na miwili. Kitenge kilikuwepo, ndiyo, lakini kiliwekwa kiunoni na kwenye upindo tu, kama mgeni aliyekaribishwa barazani asiingie ndani. Mimi nilikaa kitandani nikiziangalia zile picha na kuandika "majira ya kuchipua". Hakuna kati yetu aliyegeuza shingo kuangalia dirishani.

Sasa tuwe waadilifu. Hao wa Paris si wajinga. Kwao dunia inaganda miezi kadhaa, miti inabaki mifupa, halafu siku moja majani yanatoka na watu wanavua makoti. Ni jambo kubwa kwao, na nguo zao zinalijibu. Kalenda yao nayo ina sababu ya kibiashara: nguo za madukani za majira ya kuchipua na ya joto zinaonyeshwa jukwaani mwezi wa tisa na wa kumi mwaka unaotangulia, ili wenye maduka waagize, viwanda vishone, na mzigo uwe dukani baridi inapoanza kuondoka. Yaani miezi yote ile inahesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ambayo mwanamke fulani wa mji ule atafungua kabati na kusema leo sihitaji koti. Msimu wao unaanzia kwenye ngozi ya mvaaji. Sisi tuliuchukua msimu tukaiacha ngozi.

Na hapa pana kichekesho ambacho nisingekiamini kama nisingeziona picha zake. Januari 1997 nyumba ya Dior, iliyokuwa inatimiza miaka hamsini tangu onyesho lake la kwanza la 1947, ilimpa John Galliano aonyeshe mkusanyo wake wa kwanza wa nguo za kifahari za majira ya kuchipua na ya joto. Unajua alizipamba kwa nini? Kola za shanga na vifua vya shanga vya kuigiza Wamasai. Yaani Paris ilipotafuta majira yake, ililetwa na macho hadi huku, kwa akina mama ambao mimi nawapita kila siku kituo cha mabasi bila kuwatazama mara mbili. Halafu sisi, tunaoishi mlimani pao, tulipotafuta majira yetu tukaenda kuyatafuta Paris. Tumepishana njiani, kila mmoja amebeba mzigo wa mwenzake.

Nisieleweke vibaya. Sisemi rafiki yangu angebandika shanga kwenye magauni mambo yakaisha. Hilo nalo limechosha. Watalii wanauziwa "Umasai" kila kona ya mji huu, na Wamasai wa Kenya na Tanzania wenyewe wameanza kudai haki juu ya jina lao na michoro yao, baada ya kuona makampuni makubwa ya nje yakiitumia. Tena huku Meru si kila anayejifunga shuka ni Mmasai: wapo Waarusha wenye mashamba yao mlimani, na Wameru ambao lugha yao ni nyingine kabisa. Ukiwachanganya wote kuwa pambo moja, umefanya kile kile cha Paris, tofauti nauli tu.

Tena shuka lenyewe linatufundisha kitu. Zamani Wamasai walivaa ngozi. Baadaye wakaja kuvaa pamba, ile marekani, wakaipaka udongo mwekundu. Shuka la mirabaraba tunaloliona leo limefumwa kiwandani, na shanga za kioo zilikuja kwa meli kutoka Ulaya, toka Venice na Bohemia. Kwa hiyo anayetafuta kitu "safi" kisichoguswa na mgeni atatafuta mpaka azeeke. Kitenge chenyewe Waholanzi walikitoa kwenye kuiga batiki ya Java. Kilicholifanya shuka liwe la hapa ni kwamba linajibu mahali. Usiku ni blanketi, mchana ni nguo, kwenye manyunyu ni koti, na mwekundu wake unaonekana toka mbali mchungaji akiwa nyikani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu iliendesha operesheni ya kuwavisha Wamasai suruali na magauni, na wenye rubega wakakataliwa kupanda mabasi. Miaka thelathini haikupita vizuri, hizo hizo shanga zilizoonekana aibu zikatembea Paris. Shuka halikubadilika. Halikuhama hata kalenda.

Turudi kwenye kazi, maana mkusanyo haukai ukutani, lazima ushonwe. Rafiki yangu alianza na vielelezo vya marekani. Wasomaji wachanga wa mjini huenda hawaijui: ni ile pamba nzito isiyopaushwa, iliyopata jina hilo kwa sababu wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliileta Zanzibar karne ya kumi na tisa. Mbunifu hukata gauni kwanza kwa marekani, anamvisha mtu, anabana kwa pini, anachora kwa chaki pale panapovuta, kisha anaifumua na kuifanya ramani ya kukatia kitambaa chenyewe. Ni mswada, kwa lugha yetu. Na kama mswada, ni mahali pa kukosea kwa bei nafuu. Lakini mswada wa marekani unamwambia mshonaji kama bega limekaa. Haumwambii kama bega litaona baridi.

Aliyesema hilo ni fundi. Baada ya kukata, magauni saba aliyapeleka Ngarenaro kwa mzee mmoja mwenye cherehani ya kukanyaga, Butterfly nyeusi iliyochakaa maandishi, anayeshonea barazani mwa duka. Nilimsindikiza. Mzee alizigeuza zile shifoni vidoleni, akamtazama rafiki yangu kwa upole.

"Mwanangu, hizi zinavaliwa lini?"

Rafiki yangu akacheka. "Mzee, hii ni fasheni."

"Sawa. Nauliza ili nijue kama niweke bitana."

Tulicheka njia nzima kurudi nyumbani. Bitana! Leo nikikumbuka sicheki. Uhakiki wote ninaouandika hapa kwa kurasa kadhaa, mzee aliumaliza kwa sentensi moja, na hakuwa anatoa mawaidha, alikuwa anataka kujua anunue nini.

Maana yule mzee ana kalenda. Siku nyingine nilirudi peke yangu nikamwuliza, akanihesabia huku akiendelea kukanyaga. Januari ni sare za shule, hapo hata mke wake hamwoni. Pasaka. Kipaimara na komunio, magauni meupe ya watoto. Idi, ambayo haikai mahali pamoja, kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo mara inamkuta kwenye joto na mara kwenye baridi. Mwezi wa sita na wa saba watu wanaleta makoti ya mtumba yapunguzwe mabega. Desemba ni harusi, sendofu na sare za kamati, na wote wanaorudi kwao mlimani Krismasi wanataka waonekane. Mbunifu mwenye kalenda ya Paris ana misimu miwili. Mzee wa Ngarenaro ana sita au saba, na hajawahi kuitwa mbunifu.

Ongeza na hali ya hewa. Kiswahili kimetupa majina yake zamani: masika, kipupwe, vuli, kiangazi. Kipupwe ni neno la pwani, sisi huku juu tunasema tu "baridi ya mwezi wa sita", lakini baridi yenyewe ni yetu zaidi kuliko yao, tunaoishi chini ya mlima wa mita 4,566. Masika kuna tope lisilojali upindo wa mtu. Ukipita Tengeru siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, utaona akina mama wamekunja kitenge hadi juu ya magoti na kukifunga upya kwa namna ambayo mchoraji yeyote angejivunia, na chini mabuti ya mpira. Mwezi wa tisa kuna vumbi, na rangi ya ndimu changa inageuka kahawia kabla hujafika Kilombero. Hayo ni masharti ya utunzi kama vina na mizani. Mtunzi hodari hayalalamikii. Anayatumia.

Na tusisahau mtumba, maana ndio mshindani. Robota linalofunguliwa sokoni ni misimu ya wenzetu iliyokwisha muda wake. Makoti yao ya theluji yanatufikia sisi mwezi wa sita, na kwa kweli yanatusitiri. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuuondoa mtumba hatua kwa hatua hadi 2019. Marekani ikatishia kutunyima nafasi ya kuuza bidhaa kwao bila ushuru, tukarudi nyuma, Rwanda ikabaki na msimamo na mwaka 2018 ikaadhibiwa upande wa nguo. Kwa hiyo mtumba upo na utakuwepo. Lakini hebu ona: kwa bei ya gauni moja la rafiki yangu ungepata sweta tatu za mtumba na nauli ikabaki. Mama wa Sanawari anayetetemeka atanunua kipi? Mtumba unatushinda kwa bei, hilo linajulikana. Lililoniuma ni kugundua kwamba mwezi ule ulitushinda pia kwa kuijua Arusha. Koti lililoshonwa kwa ajili ya mtu wa mbali lilimfaa mama wa hapa kuliko gauni lililoshonwa Kijenge.

Kuna atakayesema namfungia binti wa watu asitoke mlimani, kama wale wanaotuambia sisi waandishi vijana tuandike mambo ya kijijini tu. La hasha. Avae hariri, ashone shifoni, aende Dar kwenye Swahili Fashion Week aliyoianzisha Mustafa Hassanali mwaka 2008, na huko Dar mabega wazi ni busara tupu. Kuazima kitambaa si kosa, kila mtu ameazima. Lakini wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na sisi tuliazima kitu kikubwa kuliko nguo. Tuliazima mwezi.

Na mimi ndiye wa kwanza kulaumiwa. Nilikuwa na hadithi, wengine mliisoma, ambamo msichana anaachwa na mchumba huku "majani ya vuli" yakidondoka barabara ya Sakina. Majani gani? Vuli kwetu ni mvua, ndiyo wakati mambo yanaota. Kinachodondoka mjini humu mwezi wa kumi na wa kumi na moja ni maua ya zambarau ya mijakaranda, nimeyakanyaga tangu nikiwa na kaptula ya shule, na sikuyaona. Niliyaona majani ya Ulaya ambayo sijawahi kuyakanyaga. Kwa hiyo siwezi kumnyooshea rafiki yangu kidole bila vitatu kunirudia.

Nimalizie jioni ile ilivyokwisha. Gauni la kumi na mbili lilipopita, mbunifu alitakiwa atoke ainame watu wamshangilie. Ukumbi ulikuwa wa baridi, na alikuwa amevaa koti lake. Koti hilo alilishona mwenyewe miezi kadhaa nyuma, kwa masalio ya kitenge cha bluu na kahawia, vipande vimeungwa michoro ikakutana mshono kwa mshono, na ndani yule mzee wa Ngarenaro alikuwa amemwekea bitana ya flaneli. Alilishonea safari za alfajiri za Tengeru kununua ndizi za mama yake. Halikuwa kwenye mkusanyo. Hakuwahi hata kulichora.

Baada ya onyesho msichana mmoja aliuliza bei ya gauni la tatu, kwa ajili ya sendofu ya Desemba. Akina mama wanne waliuliza habari za koti. Mmoja alilishika ukosi, akalifunua ndani, akapitisha mkono kwenye ile flaneli, akasema tu, "Mwanangu, na mimi." Rafiki yangu akamjibu kwamba hilo haliuzwi, ni la kwake la kuvaa.

Nilipomwambia baadaye kwamba lile koti ndilo lilikuwa mkusanyo wenyewe, alikasirika. Miezi miwili hatukusemezana. Alikuwa amekopa kwenye kikundi chao cha kina dada kununua ile shifoni, na magauni kumi bado yamening'inia nyuma ya mlango wake. Maneno yangu ya kipeperushi yalimsaidia kuingia katika deni lile, na hilo halifutwi na uhakiki.

Juzi aliniita. Ukutani picha za zamani zimetoka. Kuna karatasi moja ya kalenda, na amehesabu kurudi nyuma: makoti yawe sokoni mwisho wa mwezi wa tano, kushona kuanze mwezi wa tatu kabla njia hazijaharibika, vitambaa viwe mkononi mwezi wa pili, marekani mwezi wa kwanza baada ya mzee kumaliza sare za shule. Michoro anaichora sasa hivi, mwezi wa sita huu, dirisha wazi, huku anatetemeka. Nikamwuliza kama nimwandikie kipeperushi. Akaniambia hapana kaka, safari hii utalivaa kwanza wiki moja, utakwenda nalo Tengeru asubuhi, ndipo utaniambia unataka kuandika nini.

Nimekubali. Na anayeona nimekosea, aandike anipinge. Kurasa hizi ni zetu sote.